Kofia za chuma za askari: kupaka, kukwangua au kuacha
Maswali ya wasomaji

Ami yetu aliipaka rangi nyeupe ya ukutani kofia ya chuma ya marehemu babu, aliyekuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni la Afrika Mashariki), ikawa yatumika kunyweshea kuku. Twataka kuirudisha ilivyokuwa. Tuipige msasa?
Wajukuu, Mkomani, Lamu

Msasa uwekeni mbali. Kofia ya Kiingereza ya Vita vya Pili, ile Mk II yenye ukingo mpana kama sinia, ilipakwa rangi isiyong'aa, mara nyingi yenye chenga za mchanga au unga wa mbao ili isimulike juani. Msasa haubagui, utaondoa ya ami na ya babu kwa pamoja. Na rangi za miaka ile huwa na madini ya risasi, sumu ambayo barakoa ya kitambaa haiizuii.

Pigeni picha kwanza, ndani na nje, weupe huo ukiwapo. Kisha ingieni chumba chenye giza, mmulike kurunzi kwa ubavu, karibu kabisa na chuma. Herufi au namba iliyochorwa kwa mkono huvimba kidogo chini ya rangi ya juu na kujionyesha kwa kivuli. Hatua hii si ya kuruka, kwa sababu si kila weupe ni wa mtu aliyeharibu. Huko Uingereza wakuu wa walinzi wa raia walivaa kofia nyeupe zenye herufi W wakati miji inapigwa mabomu, na anayekwangua weupe wa namna hiyo ametupa kitu na kubaki na ganda. Ya kwenu inajulikana nani aliipaka, basi endeleeni.

Bitana ya ndani inashikwa na skrubu moja tu utosini. Tieni tone la mafuta ya kulegeza kutu, mwache usiku kucha, kisha mjaribu kwa bisibisi inayojaa mfereji wa skrubu. Ikikataa msiilazimishe: skrubu ikikatika hamtapata nyingine ya aina yake mjini. Iacheni bitana mahali pake, muifunike kwa nailoni na utepe.

Sasa jaribio. Chagueni mahali palipojificha, chini ya ukingo upande wa nyuma, pasipozidi ukubwa wa sarafu ya shilingi 10. Loweni pamba kwa spiriti, muibandike hapo kwa dakika 2. Rangi ya ukutani ya maji hulainika kwa spiriti ikawa kama mpira, na kijiti cha kuchokolea meno huichambua. Rangi ya mafuta iliyokauka miaka themanini huhimili zaidi. Pamba ikibaki nyeupe, mambo mazuri. Ikitoka na ukahawia au ukijani, simameni: spiriti imeanza kula ya chini, punguzeni muda hadi sekunde 30 au mchambue pakiwa pakavu.

Fanyeni kipande cha ukubwa wa kiberiti kwa wakati mmoja, mfute kwa kitambaa chenye unyevu, ndipo mwende kingine. Ni kazi ya siku mbili au tatu. Anayewaambia kuna dawa ya kuondoa rangi inayomaliza kwa dakika kumi anasema kweli, ila dawa hiyo inashuka hadi kwenye chuma. Na kama ami alitumia rangi ya mafuta, ile ya milango, spiriti haitaisaidia kazi. Hapo ni kijiti cha mwanzi na subira, au kuiacha ilivyo.

Mtakachopata ni kofia yenye mabaka, kahawia hapa, kutu pale. Mkiona jina au namba ya askari imekwaruzwa ndani ya ganda, hapo msiguse hata kwa kitambaa. Wala msijaze mabaka kwa rangi mpya. Kuku walikunywa humo, na mabaka hayo ndiyo yanayosema hivyo.

Nimenunua kofia ya chuma kwa muuza skrapu, kwa kilo. Haina rangi hata chembe, kutu tupu, na ngozi ya ndani imeoza. Nikiipaka upya nimekosea?
Msomaji, Barani, Malindi

Hujakosea. Rangi ya kwanza haipo, hakuna unachofunika. Kosa lingekuwa kuipaka kisha kunyamaza.

Ijue kwanza. Ipelekee sumaku. Maganda mengi ya Kiingereza na ya Kimarekani yalifinyangwa kwa chuma cha manganizi, na chuma hicho hakivutwi na sumaku. Kisha tazama ukingo wa nyuma: matundu matatu yaliyopangwa pamoja ni alama ya kofia zilizotengenezwa Afrika Kusini, na askari wa huko walipita Kenya mwaka 1940 na 1941 wakielekea Somalia na Ethiopia. Ukiyaona matundu hayo usiyazibe kwa kudhani ni ubovu.

Adui yako hapa pwani ni chumvi, kutu ni mtoto wake tu. Chumvi iliyojificha kwenye vishimo hunyonya unyevu, na miezi mitatu baada ya kupaka utaona vipele vya rangi ya machungwa vikipasua rangi kutoka chini. Kwa hiyo:

Loweka ganda tupu siku 3 katika ndoo ya maji ya mvua yenye gramu 20 za kaboneti ya sodiamu kwa kila lita, ukibadilisha maji kila siku. Dawa hiyo huuzwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea. Usitumie magadi ya jikoni, nayo yana chumvi yake. Kama kuna kipande cha aluminiamu, kiondoe kabla, maana maji hayo yatakitafuna.

Suuza, kisha tia asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita. Tazama kila saa na usugue kwa brashi ya nailoni. Kwa kawaida saa 3 hadi 6 zatosha. Ndimu na ukwaju, vinavyong'arisha shaba vizuri, hapa vitakuachia sukari na nyuzinyuzi kwenye vishimo. Magome ya mkandaa yaliyochemshwa ni vivyo hivyo: tanini yake kweli huigeuza kutu kuwa nyeusi, lakini mti umelelewa na maji ya bahari. Ukitaka tanini, nunua unga wake safi.

Suuza tena, mara ya mwisho kwa lita 2 za maji ya betri (maji, siyo asidi). Kausha juani papo hapo, futa kwa spiriti, na upake praima ya chuma kabla saa moja haijapita. Zaidi ya hapo wekundu hafifu unarudi.

Ganda lote, ndani na nje, ni kama robo ya mita mraba, kwa hiyo mkono mmoja wa rangi ni takriban mililita 25. Kopo la robo lita linatosha na kubaki. Anayekuuzia lita nzima anajisaidia mwenyewe. Paka mikono miwili ya praima, mmoja wa rangi isiyong'aa, na rangi ikiwa bado mbichi nyunyiza unga wa mbao uliopitishwa kwenye kichujio cha chai. Siku ya pili kung'uta uliolegea, kisha funika kwa mkono wa mwisho mwembamba.

Rangi ikitoka inang'aa, hukukoroga kopo hadi chini. Kile kinachoiua mng'ao huwa kimetuama huko. Ikikunjamana kama maziwa yaliyoganda, mkono wa pili ulikuta wa kwanza haujakauka ndani. Ikipata ukungu mweupe, ulipaka kwenye unyevu. Saa nzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na miezi mizuri ni ya kaskazi, Januari na Februari. Masika yakiingia, subiri.

Mwisho, ndani ya utosi, andika kwa rangi: IMEPAKWA UPYA, mwezi na mwaka, kisha funika kwa vanishi. Usipige chapa kwenye chuma. Usiongeze nembo ya kikosi kwa sababu inapendeza. Bitana mpya nayo iandikwe kuwa ni mpya.

Wageni huulizia kofia za vita. Fundi wangu anaweza kuchukua kofia za juzi juzi, akazitia kutu ya siku mbili kwa siki na chumvi, zikafanana na za zamani kabisa. Kuna ubaya gani, mgeni akiwa amefurahi?
Mwenye duka, Langoni, Lamu

Ubaya ni kwamba unauza uongo, ndugu yetu, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 haiulizi kama mnunuzi alifurahi. Zaidi ya hapo, kazi yenyewe haimdanganyi ajuaye. Kutu ya siki ni ya unga, rangi ya machungwa, imelala sawasawa kila mahali. Kutu ya miaka ni ya hudhurungi iliyokoza, ngumu, yenye vishimo, na haikukaa popote ila palipokaa maji. Fundi husahau chini ya vichwa vya ribiti, pakabaki pasafi. Na rangi ya kweli huchakaa mahali pa kushika na pa kuwekea, yaani ukingoni. Aliyetumia msasa huchakaza utosi, mahali ambapo hakuna mkono ungegusa. Kuna na lile la chumvi: mteja wako atafika kwao kofia ikiwa bado inaendelea kulika.

Uza kama pambo, andika kwenye kibandiko kwamba ni nakala, na fundi apate sifa yake. Na fundi huyo akiletewa kitu cha kabla ya 1895, asikiguse kabla hujapita makumbusho. Kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 hicho ni kitu cha kale, na biashara yake ina leseni yake.

Mwajiri wangu Mtaliano aliniachia kofia ya chuma ya kijani. Watu wasema ni ya zile ndege zilizopiga Malindi 1940. Niipake rangi ya mchanga ya vita ipande bei?
Msomaji, Malindi

Ndege za Kiitaliano ziliupiga mji kweli, Oktoba 1940, lakini rubani hakuvaa kofia ya askari wa miguu. Tazama ribiti: zikiwa tatu, mbili mbele ubavuni na moja nyuma, zenye tundu la kupitisha hewa, hiyo ni M33. Jeshi la Italia liliendelea kuitumia hadi miaka ya 1990, na nyingi zilipakwa upya na jeshi lenyewe. Rangi hiyo ya kijani huenda ni ya kambini, basi ni halali yake. Kuna M33 zilizopakwa rangi ya mchanga zikatumika Afrika Kaskazini, na ndiyo maana wanunuzi wanaitilia shaka kila rangi ya mchanga. Ukiipaka utashusha bei. Ifute vumbi kwa brashi laini, uiache.

Bitana ya kofia ya Vita vya Kwanza naweza kuiosha?
Msomaji, Shela

Usiioshe, wala usiichambue. Bitana nyingi za kofia za Kiingereza za Vita vya Kwanza zilitiwa asbesto, kama vichujio vya barakoa za gesi, na nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki. Funga kofia nzima ndani ya nailoni mbili na uiweke mbali na watoto.

Naweza kuivaa kofia niliyoirekebisha kwenye sherehe za Maulidi, kama mchezo tu?
Kijana, Langoni

Hapana, mwanangu. Raia haruhusiwi sare za jeshi bila idhini, na Lamu kuna doria za kweli. Askari akikuona kwa mbali hatajua kwamba yako ni ya 1940. Iweke rafuni, mbali na dirisha la upande wa bahari.