Maswali ya Wasomaji: Walter Tull, mwanasoka aliyekuwa afisa

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana wangu amenisimulia habari za Walter Tull, mchezaji wa Tottenham aliyefia vitani akiwa afisa wa jeshi la Uingereza. Je, ni kweli kwamba ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa mwanasoka wa kulipwa? Na aliwezaje kupewa cheo katika jeshi la zama zile? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa swali la kwanza, jibu ni hapana. Mwaka 1889, Tull akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, Arthur Wharton, kipa mzaliwa wa Accra, alikuwa tayari analipwa na Rotherham Town.

Tull alizaliwa Folkestone mwaka 1888, baba yake akiwa seremala kutoka Barbados na mama yake Mwingereza. Kabla hajatimiza miaka kumi alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili, akapelekwa pamoja na kaka yake Edward katika makao ya watoto ya Wamethodisti jijini London, ambako alijifunza kazi ya uchapaji. Tottenham ilimsajili mwaka 1909 kwa mshahara wa paundi 4 kwa wiki, ambao ndio uliokuwa wa juu kabisa kuruhusiwa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, katika mechi ya Bristol, baadhi ya watazamaji walimtukana kwa sababu ya rangi yake, na mwandishi mmoja wa gazeti akaeleza kwamba aliyetukanwa ndiye aliyekuwa mshambuliaji bora uwanjani. Hata hivyo si muda mrefu baadaye alijikuta katika timu ya akiba. Mwaka 1911 alihamia Northampton Town, iliyokuwa chini ya kocha Herbert Chapman, na huko ndiko alikocheza mechi zaidi ya 100.

Mwezi Desemba 1914 alijiunga na batalioni ya 17 ya Middlesex, iliyojulikana kama batalioni ya wanasoka, akapanda hadi cheo cha sajini na kupigana katika vita vya Somme. Sasa nifike kwenye swali lako la pili. Kanuni za jeshi zilitaka afisa awe mtu wa asili ya Kizungu tupu. Lakini maofisa walikuwa wakifa kwa wingi kuliko walivyoweza kuzibwa pengo, na wakubwa wa Tull, waliomwona akiongoza watu chini ya mizinga, walimpendekeza licha ya kanuni hizo. Akawa luteni usu mwezi Mei 1917. (Naye hakuwa wa kwanza: George Bemand, mzaliwa wa Jamaika, alimtangulia mwaka 1915.) Nchini Italia aliwavusha usiku askari 26 katika mto Piave, wakashambulia na kurudi wote salama, jambo lililomfanya jenerali wake amsifu kwa maandishi kwa ushujaa na utulivu wake.

Aliuawa tarehe 25 Machi 1918 karibu na Favreuil, kaskazini mwa Ufaransa. Askari wake Tom Billingham, aliyekuwa kipa wa Leicester Fosse kabla ya vita, alijaribu kumvuta huku risasi zikimiminika, akashindwa. Mwili haukupatikana, jina lake limechongwa kwenye mnara wa Arras.