Ngiri ya mtoto kambini: kusubiri rufaa hadi lini?

Ndugu, umeeleza kwamba mwanao wa miaka 2 ana uvimbe kinenani unaotokeza anapolia na kurudi ndani anapolala, na kwamba zahanati ya kambi imekuambia usubiri rufaa ya kwenda hospitali. Ngiri ya kinena, tofauti na ile ya kitovu ambayo mara nyingi hujifunga yenyewe mtoto anapokua, haiponi bila upasuaji. Kwa hiyo kusubiri kwako kuwe kwa foleni, si kwa kusahauliwa. Uliza kama jina la mtoto limekwisha kufikishwa kwa kamati ya rufaa, ambayo kwa taratibu za UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi) huangalia uharaka, matumaini ya kupona na gharama, kisha uombe nakala ya barua ya rufaa. Iwapo kutoka kambini kunahitaji kibali, kianze sasa, maana karatasi hiyo moja yaweza kumkosesha zamu hata pale daktari yupo tayari.

Uvimbe ukigoma kurudi, ukawa mgumu na wenye maumivu, au mtoto akaanza kutapika, hasa matapishi ya kijani, suala la foleni halipo tena: mpeleke saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, kwa sababu utumbo uliobanwa hukosa damu na huweza kufa katika saa chache. Usiusukume kwa nguvu.

Kabla ya nusukaputi (dawa ya usingizi ya upasuaji), chakula kwa kawaida husitishwa kwa muda wa saa 6 na maziwa ya mama kwa muda wa saa 4, lakini maelekezo ya hospitali ndiyo ya kufuatwa. Mkiruhusiwa, usiondoke bila muhtasari wa matibabu, ili zahanati ijue kilichofanyika na namna ya kukitunza kidonda.