Maswali ya Wasomaji: Asilimia 20 ni Watoto Wangapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ndogo ya msingi ya umma. Mwaka juzi asilimia 80 ya watoto wa darasa la mwisho walifaulu hisabati, lakini mwaka jana waliofaulu walikuwa asilimia 60 tu. Baadhi ya wazazi wanataka mwalimu mkuu ahamishwe. Wengine wanazilaumu familia zilizohamia karibuni, ambazo watoto wao hawajaimudu lugha ya kufundishia. Tutajuaje nani anasema kweli?

JIBU: Ndugu mzazi, kabla ya kamati kumjadili mtu yeyote, ulizeni kwanza ni watoto wangapi waliofanya mtihani. Hukutaja idadi, lakini katika shule kama hiyo si ajabu darasa la mwisho kuwa na watoto 20. Ikiwa ndivyo, waliofaulu mwaka juzi walikuwa 16 na mwaka jana 12, kwa hiyo anguko lote linalozua maneno ni la watoto wanne. Mmoja akiamka na homa siku ya mtihani, mwingine akiwa ametoka kufiwa, na wawili wakikosa alama moja au mbili za kufikia kiwango cha kufaulu, asilimia hizo 20 zimeshapotea bila mwalimu kulegea na bila mgeni yeyote kuhamia.

Tuchukulie kwamba kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 70 wa kufaulu, na kwamba ufundishaji haubadiliki hata kidogo. Darasa la watoto 20 litatoa wafaulu kati ya 12 na 16 katika takriban miaka minne kwa kila mitano, na katika mwaka unaobaki litavuka hata mipaka hiyo. Shule yenye watahiniwa 400 katika hali hiyohiyo itakuwa karibu kila mwaka kati ya asilimia 65 na 75. Mwanahisabati Abraham de Moivre alilibainisha jambo hili tangu karne ya 18: kuyumba kwa wastani hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi, hivyo ili kuyumba kupungue kwa nusu, watoto lazima wawe mara nne. Kulisahau kuna gharama. Nchini Marekani, mwanzoni mwa karne hii, fedha nyingi zilitumika kuanzisha shule ndogo, na miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kwamba shule za aina hiyo zilionekana kwa wingi kati ya zinazoongoza. Mtakwimu Howard Wainer alipoyachunguza matokeo ya jimbo la Pennsylvania, alikuta shule ndogo zimejazana vilevile kati ya zilizoshika mkia.

Simaanishi kwamba matokeo ya shule yenu hayana la kusema. Yaunganisheni ya miaka mitatu au minne, mpate watoto 60 au 80, ndipo mtazame mwelekeo. Kisha mwombeni mwalimu wa somo awaoneshe majaribio ya wale wanane ambao hawakufaulu. Ikiwa makosa yametawanyika, huyu kakosea jometri, yule vipimo, mwingine mafumbo ya maneno, hapo hakuna kidole cha kumnyoshea mtu. Lakini wote wanane wakiwa wameacha wazi maswali ya hesabu za sehemu, kama nusu na robo, fungueni daftari la mahudhurio na mpango wa masomo, kwa maana yaelekea mada hiyo haikufundishwa vya kutosha, au ilifundishwa muhula ambao wengi hawakuwepo. Kwangu mimi, karatasi hizo nane zina ushahidi mwingi kuliko jedwali lolote la asilimia.

Kuhusu familia zilizohamia, naomba mwende polepole sana. Ni kweli kwamba hali ya nyumbani ina uzito: uchunguzi mkubwa wa James Coleman uliotolewa Marekani mwaka 1966, uliohusisha zaidi ya wanafunzi 600,000, ulionyesha jinsi tofauti za matokeo zinavyofungamana na hali za familia. Lakini hali ya nyumbani ni kile ambacho shule imepokea. Kazi ya shule hupimwa kwa hatua ambazo mtoto amepiga tangu alipopokelewa. Utafiti wa Jim Cummins nchini Kanada ulionyesha kwamba mtoto mgeni huweza kuzungumza na wenzake vizuri baada ya miaka miwili hivi, ilhali lugha ya vitabu na mitihani humchukua kati ya miaka mitano na saba kuwafikia. Mtoto aliyehamia mwaka mmoja kabla ya mtihani, akashindwa swali la hisabati lenye aya nzima ya maelezo, huenda hesabu yenyewe anaiweza. Mpeni swali hilo kwa tarakimu tupu mwone. Tena hesabuni: kama kati ya wale wanane wageni ni wawili, lawama hiyo inaporomoka yenyewe, na watoto hao watakuwa wamebebeshwa mzigo usio wao.

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ndogo. Kamati inataka nibandike matokeo ukutani yakiwa yamegawanywa kwa jinsia, lugha ya nyumbani na ulemavu. Je, ni sawa?

JIBU: Mwalimu, mgawanyo huo uandae, kwa kuwa bila huo kundi linaloachwa nyuma hufichwa na wastani mzuri wa wengine. Usiubandike. Katika shule yako, mstari unaosema kwamba kati ya wavulana wenye ulemavu aliyefanya mtihani ni mmoja na aliyefaulu hakuna, umeshamtaja mtoto kwa jina mbele ya kijiji kizima. Nchini Marekani, ambako sheria ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za wanafunzi, majimbo mengi hayachapishi matokeo ya kundi lenye watoto wasiofikia 10. Ukutani weka jumla ya miaka kadhaa. Mgawanyo ujadiliwe na walimu faraghani, na kila mzazi aitwe aelezwe habari za mwanawe peke yake.