Maswali ya Wasomaji: Nimeombwa nipige picha za sendoff na ukumbi wenyewe giza

SWALI: Habari za kazi, poleni na majukumu. Mi msomaji wenu niko Tabata, Dar. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana sendoff mwisho wa mwezi. Kamati imekaa, bajeti imebana, wakaona hela ya mpiga picha iende kwenye chakula, wakasema si wewe una kamera, saidia familia. Nimekubali, siwezi kumkatalia dada. Kamera ni Canon ya kawaida tu na lenzi yake ya 18-55 iliyokuja nayo. Shida ni huo ukumbi, niliwahi kupiga kitchen party humo humo, taa za bluu na zambarau tupu, picha zikatoka zimetikisika, na nilipowasha flashi watu wamekuwa na macho mekundu, sura zinang'aa, nyuma giza totoro. Je ninunue kamera nyingine?

JIBU: Mdogo wangu, usinunue kamera. Hela kidogo uliyonayo tafuta lenzi ya 50mm ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi linafunguka zaidi), na kama hununui basi azima au kodi kwa siku moja, waulize wapiga picha unaowafahamu. Hiyo 18-55 ukizumu mpaka mwisho tundu lake linabana hadi f/5.6, wakati 50 ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya huo, yaani pale ulipokuwa unapiga kwa 1/10 ya sekunde na mtu akicheka tu keshatikisika, sasa unapiga kwa 1/100 na anatulia. Angalia tu vitu viwili. Ukifungua mpaka f/1.8 sehemu inayokuwa safi ni nyembamba sana, kwa hiyo hiyo ni ya mtu mmoja, watu wawili au watatu panda f/2.8 au f/4 na uwapange mstari mmoja. Pili, kwenye kamera kama yako 50 inaona karibu, utalazimika kurudi nyuma sana, so picha ya ukoo mzima rudisha 18-55.

Na kama 50 haikupatikana kabisa basi usizumu. Baki kwenye 18 ambako lenzi inafunguka f/3.5, ukitaka mtu awe mkubwa mfuate kwa miguu.

Halafu ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga. Naona wengi wanaiogopa, wanabaki 800 halafu picha ikitoka nyeusi wanaivuta mwanga kwenye kompyuta, na hapo ndo chenga, zile nukta nukta, zinajaa kuliko hata wangepiga 3200 tangu mwanzo. Weka 3200, pakizidi giza weka 6400, na piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kama memori kadi inaruhusu. Chenga mtu anazivumilia, sura iliyotikisika hairudi tena. Bibi yako akionyeshwa picha kwenye simu anaangalia mjukuu wake alivyocheka siku ile, chenga hata hazioni.

Spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kuingiza mwanga, watu wakiwa wamesimama au wanaongea 1/100 inatosha, wakianza kucheza nenda 1/200 au zaidi. Hiyo 1/100 nina sababu nayo, umeme wetu ni wa 50Hz, taa nyingi za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde hata kama jicho halioni, kwa hiyo 1/100 au 1/50 inapunguza ile mistari ya giza inayokatiza picha. Taa za DJ zina mapigo yake, hizo piga kadhaa mfululizo utapata mojawapo iliyokaa sawa.

Sasa kuna jambo ambalo naliona kubwa kuliko lenzi na ISO vikiwekwa pamoja, nalo ni kuongea na watu kabla. Mwanga wa bluu ukimpiga mtu usoni kamera haina la kufanya, rangi ya ngozi haipo pale, huwezi kuitengeneza baadaye, labda uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo nenda ukumbini mapema, mtafute MC na kijana wa taa, waombe kwa heshima kwamba bibi harusi akiingia, wakati wa keki na wakati wa utambulisho wa familia wawashe taa nyeupe za ukumbi, dakika chache tu, baada ya hapo warudishe rangi zao. Wengi wanakubali maana hata MC anataka aonekane vizuri. Usipoomba hakuna atakayekumbuka. Na kama kuna mtu wa video mwenye taa yake basi huyo ndo rafiki yako usiku huo, usisimame nyuma ya taa yake, simama pembeni kidogo ili mwanga umpige dada upande mmoja wa uso, sura inapata umbo. Msalimie kwanza, msizibane.

Flashi ya juu ya kamera iache imelala. Ikimpiga mtu moja kwa moja ndo yale macho mekundu na nyuma giza uliyoyaona. Ukipata flashi ya kuchomeka, ielekeze darini iwe inarudi kwa upole, ISO weka 1600, shata 1/60 ili taa za ukumbi nazo zionekane kwenye picha. Ila inua macho kwanza uone dari ikoje, kumbi nyingi siku hizi zimefunikwa vitambaa, cheupe ni kizuri, cha zambarau kitawapaka watu zambarau, na kama juu ni mabati marefu au makuti huo mwanga haurudi.

Ukiniuliza, picha nzuri kuliko zote utaipiga mchana. Mfuate dada saluni saa kumi au kumi na moja jioni, akishamaliza kupambwa msogeze karibu na mlango au dirisha, zima taa za ndani, piga hapo yeye na mama yake. Hata ukumbini mambo yakiharibika, hiyo tayari mnayo.

Na upande wa ndugu, ongea na dada na kamati leo, usisubiri siku yenyewe. Waambie wazi nitapiga matukio haya na haya, meza zote sitazungukia. Omba majina ya watu ambao lazima wapatikane, hasa wazee, hao wapige mapema kabla hawajachoka na kuondoka. Kumbuka na wewe ukoo wenu ukiitwa mbele utatakiwa uwepo, kwa hiyo andaa kijana mmoja, seti kamera yote mwenyewe, yeye abonyeze tu. Picha ukizimaliza usizimwage WhatsApp hivi hivi maana zinabanwa, tuma kama dokumenti au weka kwenye Drive, na kadi usiifute mpaka umezihifadhi sehemu mbili.

SWALI: Asalaam aleikum. Niko Mombasa. Shangazi yangu ataka nimpigie picha bintiye siku ya kupamba, kwa simu tu, maana ni wanawake watupu na wageni wataambiwa simu zikae mkobani. Simu yangu usiku yatoa picha kama imepakwa mafuta.

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Huenda imepakwa kweli, futa lenzi kwa kitambaa safi kabla ya kila awamu. Tumia 1x, usivute, gizani simu nyingi zikivutwa zinakata tu kipande cha picha ile ile. Hali ya usiku inahitaji utulivu wa sekunde kadhaa, na hapo una bahati maana bi harusi amekaa jukwaani, wewe egemeza viwiko kwenye kiti, mwambie atulie, gusa uso wake kwenye skrini kisha shusha mwanga kidogo, dhahabu na nakshi zisiungue.

Lakini la muhimu kwangu ni amana. Watu hapo wamevua mabuibui kwa sababu wanaaminiana. Zima kuhifadhi kwa otomatiki mtandaoni kabla hujaingia, hasa kama akaunti mnatumia na ndugu wa kiume, piga jukwaa tu bila wageni nyuma, mpe shangazi picha mkono kwa mkono, kisha ufute kwako mpaka kwenye lile folda la vilivyofutwa, maana huko picha hukaa siku 30 au zaidi.