Re: Mwanangu mguu mmoja mfupi baada ya kuvunjika paja

Pole dada. Umesema kijana ana miaka 8, alivunjika paja la kulia mwaka juzi, na sasa anachechemea. Usishangae ukiambiwa mrefu ni ule uliovunjika! Kwa watoto, mfupa wa paja ukiunga huwa unakua kasi kwa muda na kuupita mwenzake, mara nyingi kwa sentimita 1 hivi.

Mpime hivi: asimame pekupeku kwenye sakafu iliyo sawa (vilima vyetu vya Tukuyu vitakudanganya), weka viganja juu ya mifupa ya nyonga, kisha panga madaftari chini ya mguu mfupi hadi viganja vilingane. Unene wa madaftari ndio tofauti.

Ikiwa chini ya sentimita 2, mara nyingi haihitaji upasuaji. Mimi yangu ni 1.5, fundi viatu wa Mwanjelwa huniongezea soli, naenda shamba vizuri tu. Ikizidi sentimita 2, mpeleke kwa daktari wa mifupa Hospitali ya Rufaa Mbeya apigwe picha, na mapema, maana kuna upasuaji wa kupunguza kasi ya ukuaji wa mguu mrefu unaofaa tu angali anakua.