Sebule ndogo, sanduku la bibi: kipi kibaki, kipi kitoke?

SWALI: Habari za kazi? Nimepanga flati ya chumba kimoja na sebule hapa Upanga, Dar es Salaam. Sebule ni mita 3 kwa 3.6. Nina kochi la L (mita 2.4 kwa 1.6, kina sentimita 95), kabati la TV la mita 1.8 na meza ya kioo ya katikati. Sasa mama amenipa sanduku la njumu (la mbao, lenye mapambo ya misumari ya shaba) la marehemu bibi kutoka Unguja, urefu sentimita 110, upana 50. Kila nikilisogeza linaziba njia. Rafiki zangu wanasema nilipeleke stoo. Nifanyeje?

JIBU: Usilipeleke stoo, mdogo wangu. Chukua kalamu kwanza tupige hesabu.

Kochi peke yake linakula karibu mita za mraba 2.9. Ongeza kabati, meza na sanduku, unafika karibu 5, na sebule yako nzima ni 10.8. Sasa angalia njia: katika upana wa mita 3 toa kina cha kochi sentimita 95, kabati kama 45, meza kama 60. Inabaki mita moja, tena imegawanyika pande mbili za meza. Mtu anahitaji walau sentimita 75 apite bila kujibana, ndiyo maana hapo kwako mnapita kiubavu. Sanduku limesingiziwa. Kilichoziba njia ni kochi.

Mimi ningeuza kochi na kabati. Tafuta kochi la watu wawili, urefu sentimita 160, kina kisichozidi 80, lenye miguu ya sentimita 15 ili sakafu ionekane hadi ukutani. Jicho likiona sakafu inaendelea, chumba kinapumua. Maseremala wa Keko watakutengenezea kwa vipimo vyako. Sisitiza fremu iwe ya mninga au mtiki. Kabla ya kutoa oda, tandaza magazeti sakafuni kwa vipimo hivyo, uyazunguke siku mbili tatu ukibeba chai na ndoo ya kudekia. Pima pia mlango na kona ya ngazi.

TV ipande ukutani, katikati yake iwe kama sentimita 105 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya aliyekaa. Meza ya kioo iondoe, badala yake weka stuli mbili za mbao. Mgeni akija zinakuwa viti.

Sasa sanduku. Liweke kwenye ukuta unaotazamana na mlango, liwe kitu cha kwanza anachokiona anayeingia. Usiliweke chini ya TV, kifuniko hakitafunguka vizuri. Liache sentimita 8 kutoka ukutani: kifuniko kinaegemea nyuma, na kuta zetu wakati wa masika hutoa unyevu. Ndani weka mashuka na mablanketi, maana flati za namna hiyo hazina kabati la kutosha. Juu yake usirundike kitu. Ukutani tundika picha moja tu, katikati yake sentimita 150 kutoka sakafuni.

Wazee wetu wa Lamu na Mji Mkongwe waliijua kazi hii. Vyumba vyao vilikuwa vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuvuka sana mita 3. Vyombo vizuri, sahani za Kichina na vinginevyo, wakavipandisha kwenye zidaka zilizochongwa ukutani, sakafuni wakatandika mikeka. Wewe nyumba ni ya kupanga, huwezi kuchonga ukuta, lakini rafu moja nyembamba ya sentimita 20 juu ya kochi itabeba vitabu na vikombe vyako vya thamani.

Mapazia yaanzie karibu na dari, si juu tu ya fremu ya dirisha. Hilo ni rahisi na ukuta utarefuka.

Ombi moja: usikubali fundi alipige sanduku msasa wala vanishi. Niliwahi kumwachia fundi sanduku la mteja arekebishe bawaba tu. Nilipolirudia liling'aa kama jipya, weusi ule laini wa mikono ya miaka mingi pembezoni mwa kifuniko umekwanguliwa wote. Mteja alilia, na hakuna dawa ya kuurudisha. Lako lifute kwa kitambaa kikavu, misumari ya shaba isugue taratibu mmoja mmoja, na droo za chini zikikwama pitisha nta ya mshumaa kwenye kingo zake.