Vidonge vya manjano kwa kijana anayekimbia

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 16, anayekimbia mita 800, atumie vidonge vya manjano, kile kiungo cha jikoni, na vya chai ya kijani ili misuli ipone haraka. Mimi nisingempa.

Maumivu yanayokuja siku moja au mbili baada ya mazoezi makali ni ya kawaida. Msuli ukifanya kazi hutoa kemikali kali, na hizo hizo ndizo zinazouambia mwili ujiimarishe. Ukizizima kwa dozi kubwa za antioksidanti, yaani vitu vinavyozima kemikali hizo, kama vilivyomo kwenye vidonge hivi, unaweza kuwa unanyamazisha ujumbe wenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwapa vijana wa kiume vitamini E pamoja na miligramu 1000 za vitamini C kila siku, zote mbili ni antioksidanti. Baada ya wiki 4 za mazoezi, baadhi ya faida za mazoezi hazikuonekana kwao.

Manjano ya jikoni hayana neno, mwekee kwenye wali au mchuzi. Vidonge ni habari nyingine. Vingi huongezwa dondoo la pilipili manga ili mwili ufyonze zaidi, na wapo watu walioumia ini kwa vidonge hivyo, vya chai ya kijani pia. Halafu akifika mashindano ya kupimwa dawa, kopo likiwa na kitu kilichokatazwa ambacho lebo haikukitaja, atakayeadhibiwa ni yeye, muuzaji yupo dukani kwake anakunywa soda.

Mpe mayai, maziwa, maharage, ndizi. Alale masaa 8 hadi 10. Ila mkojo ukiwa na rangi ya kahawa baada ya mazoezi, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.